Wimbo wa Tano Ndio Ulioiokoa Albamu

Jumapili moja, nyumbani kwetu Chamazi, mke wangu aliamua kwamba sidii zangu za ujana zitoke kabatini. Nilimwomba anisikilizie moja kwanza: mkusanyiko wa transi ya saikedeliki, muziki wa kompyuta wenye mdundo usiokatika, nilioununua nikiwa chuoni. Alikubali. Wimbo mmoja tu ukimtikisa, albamu itabaki.

Nilikuwa nimesahau jinsi mikusanyiko ile ilivyotungwa. Waliokusanya walichanganya nyimbo za ajabu na za kujazia nafasi, kana kwamba zote zina uzito mmoja. Wa kwanza ulikuwa uvumi wa upepo na mtu akihesabu kurudi nyuma. Wa pili uliahidi kuanza mpaka ukaisha.

"Baba watoto, hii si pampu ya kisima inayovuta hewa?" aliuliza, akipepeta mchele wa pilau.

"Subiri, mama. Inajenga."

"Inajenga ghorofa? Mbona hata msingi siuoni?"

Nilicheka, maana hata chuoni nyimbo hizo tulikuwa tukiziruka.

Kisha ukaingia wa tano. Besi ilikuja mbio, karibu na kasi ya singeli, na ungo mikononi mwake ukaanza kuifuata. Mchele uliruka na kutua kwenye mdundo. Mabega nayo yakajiunga.

"Mie sichezi," alisema bila kuulizwa. "Napepeta tu."

Mchele ulikuwa umekwisha kuwa safi, naye aliendelea kupepeta. Wimbo ulipomalizika, aliuweka ungo chini.

"Haya, irudishe kabatini," alisema. "Lakini kwanza urudie huo."