Nukta za Bi Kidole

Wateja ndio waliompa jina la Bi Kidole, kwa sababu hakuuza chungu kabla hajakigonga kwa kidole na kukisikiliza. Kikilia vizuri, aliuza. Kikikohoa, alikiweka kando na kuotesha maua ndani yake. Miaka arobaini alifinyanga hivyo, na uani kwake palikuwa na maua mengi kuliko alivyopenda.

Shida ililetwa na muhuri. Ushirika wa wafinyanzi uligonga muhuri vyungu vya udongo wa kilimani tu, maana chungu cha udongo mtupu wa mtoni hakistahimili moto. Wanunuzi waliponung'unika kwamba wanachanganyiwa, mwenyekiti alichukua vipande kumi vya vyungu kutoka kwa kila mfinyanzi akavipeleka maabara. Asiye na muhuri hakuwa na soko, na Bi Kidole hakuwa na kazi nyingine.

Hesabu za maabara zilifanywa na binti wa kaka yake, aliyesomea takwimu. Alimwita shangazi yake kabla ya kumpa mwenyekiti majibu, akamkalisha kwenye kiti chake cha ofisini chenye magurudumu.

"Shangazi, usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika. Sema."

Binti akatandaza karatasi yenye nukta. "Mashine imepima chuma, chokaa na vitu vingine kumi katika kila kipande. Namba ni nyingi, jicho haliziwezi. Nimezitia kwenye hesabu, kila kipande kikawa nukta, wanaofanana wakakaa pamoja. Hawa wa kilimani. Hizi za udongo wa mtoni, tuliouchota wa kulinganishia."

"Na mimi?"

"Wewe uko katikati, peke yako."

"Niko peke yangu tangu marehemu aondoke. Hilo nalo lilitaka mashine?"

Binti aliuma mdomo asicheke. "Nukta zako zimejipanga mstari, nyingine karibu na kilima, nyingine zinaelekea mtoni. Mchanganyiko ndivyo unavyoonekana. Mwenyekiti akisema unatia udongo wa mtoni, sina la kumjibu."

"Mtoni sijakanyaga mwaka wa ishirini huu. Goti langu na ule mteremko hawasalimiani."

"Basi unachanganya nini?"

"Vigae, mwanangu. Kama kila mtu."

"Hakuna mwingine anayechanganya vigae, shangazi. Wenzako wote wananunua mchanga duka la vifaa vya ujenzi."

Bi Kidole alijua vijana wana haraka, lakini hakujua kwamba mchi wa kupondea vigae umeachwa hata na wanawake aliojifunza nao. Hakuna aliyemwambia. Mambo ya zamani hayapigiwi mbiu yanapokufa. Siku moja unageuka kumtafuta mwenzako wa kutwanga naye, kumbe umebaki wewe na kinu.

"Vigae vya nini?" binti aliuliza taratibu.

"Mitungi ya maji ya bibi yangu. Hiyo ilikuwa ya udongo wa mtoni, maana mtungi sharti utoe jasho ndipo maji yapoe. Ilipovunjika tuliiweka lundo nyuma ya nyumba. Naponda, nachekecha, natia. Kigae kimeshaungua, hakiogopi moto tena. Kinaushika udongo mbichi usipasuke."

"Unapimaje?"

"Kwa kiganja."

"Ndiyo maana nukta zimetawanyika kwenye huo mstari. Kiganja chako, shangazi, hakijui wastani."

"Kinajua chungu."

Binti alivuta taa, kioo cha kukuzia na sindano, akakaa asubuhi nzima akichokoa chembe za vigae kutoka kwenye vipande vya shangazi yake. Chembe alizitia kwenye chupa moja, udongo uliobaki kwenye nyingine. Bi Kidole alimtazama akafurahi kimoyomoyo. Alikuwa hajamwona kijana akikaa na kazi ya mikono muda mrefu hivyo bila kushika simu. Mashine ilipopima upya, chembe ziliangukia katikati ya nukta za mtoni. Udongo uliobaki uliangukia kilimani, ukabanana na wenzake kama ndugu kwenye mkeka mmoja.

Kwenye mkutano mwenyekiti aliisoma karatasi mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshawaambia wanunuzi kwamba mchanganyaji yumo, kabla ya kuthibitisha, na kurudi nyuma kulimuuma.

"Hata hivyo," alisema, "udongo wa mtoni umo kidogo ndani ya vyungu vyako."

"Umo," alijibu Bi Kidole. "Na mchanga wako wa dukani, mwenyekiti, ulichimbwa kilima gani?"

Aliyeanza kucheka ni mweka hazina, na baada yake hapakuwa na wa kuzuia. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mwishoni, akaufungua wino, akagonga muhuri vyungu vya Bi Kidole vyote thelathini na viwili.

Juma lililofuata wafinyanzi watatu walibisha hodi kwake, wakitabasamu kupita kiasi. Walitaka vigae kidogo, wajaribu.

"Vya bibi yangu havitoki hapa," aliwaambia. "Nendeni jalalani mkachimbue mlivyotupa. Mchi nitawaazima."

Walikwenda, na magunia.