Kibla cha Bama

Kila ninaponusa kafuri, katika mji wowote niliohamia, namkumbuka babu yangu aliyepigana Bama, ng'ambo, mashariki ya mbali, katika vita vya Mwingereza. Siku moja tulikuwa uani kwetu Ole, Pemba, tukichambua karafuu, akanisimulia alivyomzika mdogo wake msituni.

"Sanda hatuna, kafuri hatuna. Lakini n'limlaza kibla, uso kaskazini, kama hapa kwetu."

Skuli tulikuwa tumeoneshwa ramani. "Babu, kule kibla ni magharibi!"

Akacheka. "Mwanachuoni wee! Nani kakwambia?"

Nikachora mchangani kwa konyo la karafuu: Pemba, Makka, Bama. Aliutazama mchoro mpaka kicheko kikamwisha.

"Mama alipokuwa akikata roho," alisema, "aliniuliza kama mwanawe kalazwa kibla. N'kamwapia."