N ni Ndiyo

Kompyuta yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Ilikuwa ileile, na kipande cha khanga nilichokuwa nikiifunika nacho kuzuia vumbi kilikuwa kilekile. Nilichokichukia ni programu mpya ya kuchorea ambayo bosi alikuja nayo kutoka Mwanza, kwenye diski zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliiingiza kwenye mashine yangu huku akipiga mluzi. Ile ya zamani akaifuta, na hakuniuliza.

Soko huria lilikuwa bado changa, na Bariadi bado tukihesabiwa Shinyanga. Chama cha ushirika kilikuwa kimeishiwa pumzi, kampuni binafsi zikaja kununua pamba kila upande, na mimi nikawa mchoraji wa ramani katika mojawapo. Nilichora maghala ya kununulia pamba. Leo la Bukundi, kesho la Kalemela, popote bosi aliposikia lori la mshindani wake limeonekana.

"Dada," aliniambia, kwa ule upole wake unaoudhi, "makao makuu wote wanatumia hii. Nakupa wiki moja. Nikirudi nikakuta umeiweza, meza yako inabaki hapa. Ikikushinda, michoro yote itahamia Mwanza, na wewe utahama nayo."

Kuhamia Mwanza maana yake ilikuwa kumwacha mama. Mama alikuwa Mwamapalala, peke yake tangu baba atutoke, magoti yakimsumbua, na katika watoto wake wote mimi ndiye niliyekuwa karibu. Kila Jumapili nilikwenda kumjazia mapipa maji na kumpikia. Gari la bosi lilipoondoka nilijiapiza kwamba sitoki Bariadi. Nilijiapiza kwa sauti, peke yangu ofisini, nikaipiga na meza.

Basi nikaanza. Nilidhani shida itakuwa kichwani, kumbe ilikuwa kwenye vidole. Programu ya zamani ilitaka amri kwanza. Ukiandika herufi ya kusogeza, ndipo unauonyesha mstari wa kusogezwa. Hii mpya ilitaka ushike mstari kwanza, ndipo useme unachotaka kuufanyia. Mimi nikaandika amri zangu kama nilivyozoea, nayo ikanyamaza, nami nikaandika tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba haisikii vizuri. Kitufe cha kulia cha mausi, ambacho zamani kilirudia amri ya mwisho, sasa kilifungua orodha ndefu ya maneno katikati ya mchoro wangu. Na ule mtindo wa kuvuta kiboksi kuzungushia vitu unavyovitaka, ambao zamani ulichukua vilivyokuwa ndani tu, sasa ulichukua chochote ulichokigusa. Nilitaka kufuta dirisha, likaondoka na ukuta uliolishika.

Mimi si mtu wa kutulia. Hata shuleni nilikuwa nikiadhibiwa kwa kutikisa dawati. Wiki ile nilikuwa nachora mistari kadhaa, naharibu, nasimama, natoka barazani. Barazani kulionekana stendi, na stendi kulikuwa na mabasi ya Mwanza yakipakia magunia na kuku na watu. Nilisimama nikiyaangalia mpaka abiria wa mwisho apande ngazi na utingo apige bodi. Halafu nikarudi kwenye kiti nikiwa na hasira zaidi, na sikujiuliza hasira zile zilikuwa za nini.

Kidogo kidogo nikatafuta njia. Nilianza kuukalia mkono wa kulia ili usibonyeze kabla sijafikiri. Nikawa naongea na mchoro kwa Kisukuma: wewe mlango, njoo hapa, sasa sogea. Kutaja kitu kwanza kulinisaidia kukishika kwanza. Mlinzi wa getini akaniuliza kama nina mgeni ndani. Nikamwambia ninaye, na ana kichwa kigumu.

Kilichokataa katakata ni amri ya kioo. Ghala la pamba lina pande mbili zinazofanana, kila upande na chumba cha mizani na mlango mpana wa kupitishia magunia. Hakuna mchoraji mwenye akili anayechora pande zote mbili. Unachora nusu moja, unaweka kioo katikati, na nusu ya pili inajitokeza yenyewe. Kwenye programu ya zamani nilikuwa nafanya hivyo nikiwa naongea na mtu. Sasa kila nilipoweka kioo, nusu ya pili ilitokea vizuri kabisa, na nusu ya kwanza ikapotea. Nikarudisha, nikaweka kioo, ikapotea tena. Nikalaumu umeme, nikalaumu jenereta, nikamlaumu bosi na mluzi wake. Ilibaki kidogo tu niitupe ile mausi dirishani.

Hapo lazima niseme nilivyofundishwa. Aliyenifundisha kompyuta alikuwa mzee mmoja Msukuma mwenzangu, mchoraji wa chama cha ushirika. Chama kilipokufa alirudi kwao kufuga. Mkononi alikuwa fundi kweli, lakini Kizungu alikiogopa. Tulipofika kwenye kioo, ile programu ya zamani ilileta swali chini ya skrini, na mzee akaniambia, "Hayo maneno usihangaike nayo, mayu. Ikiuliza, bonyeza N. N ni ndiyo. Ndiyo, vyote vibaki." Nikabonyeza N, vyote vikabaki. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile nilibonyeza N, nikisema ndiyo moyoni, na maghala yakasimama.

Siku mbili kabla bosi hajarudi, nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilisoma swali. Kidato cha nne nilikimaliza, maneno yenyewe hayakunishinda, sema sikuwahi kuyatazama. Programu mpya ilikuwa inauliza: nusu ya zamani ibakizwe? Nikakumbuka umbo la lile swali la zamani, neno kwa neno, kwa sababu macho huwa yanaweka hata kisichosomwa. Lile liliuliza: nusu ya zamani ifutwe?

Nikakaa pale mdomo wazi. N haikuwa ndiyo. N ya Kizungu ni ya kukataa, na Y ndiyo ya kukubali. Tena kwetu sisi Wasukuma mambo ni mabaya maradufu, maana hapana yetu ni yaya, kwa hiyo hata hiyo Y yao sisi inatutoka mdomoni tukikataa. Ya zamani ilipouliza ifutwe, nilijibu hapana nikidhani nimesema ndiyo, na matokeo yakawa sawa. Hii ilipouliza ibakizwe, nikajibu hapana ileile, nayo ikafuta kama ilivyoambiwa. Mashine haikuwa na kosa. Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia, kisha kicheko kikakatika nikabaki nimekereka. Miaka yote hiyo nilikuwa nakataa nikiamini nakubali, na hakuna aliyeniambia.

Nikabonyeza Y. Nusu mbili za ghala zikasimama zikitazamana.

Bosi aliporudi alivuta kiti akakaa nyuma yangu. Nikamchorea ghala zima mbele ya macho yake, nikashika vitu kwanza, nikaamuru baadaye, mkono wa kulia ukitii. "Haya," akasema, "meza inabaki. Umeshinda, dada." Akaondoka na mluzi wake. Nikasubiri furaha ije. Nikatoka barazani, nikarudi, nikatoka tena. Basi la Mwanza lilikuwa linajaa, na nililitazama mpaka likaondoka.

Jumapili nikaenda Mwamapalala. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, rundo la pamba mbele yake, akiitenga kama walivyofundishwa enzi za ushirika, nyeupe safi huku, iliyochafuka, ile wanayoiita fifi, kule.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

"Mwadila, mayu," akajibu. Mayu ni mama, na mama na mtoto wa kike kwetu huitana hivyohivyo.

Nikakaa nikamsaidia. "Mbona unajisumbua? Wanunuzi wa siku hizi wanatia zote gunia moja."

"Najua," akasema. "Nimeiambia mikono. Haisikii."

Nikamweleza yote: programu, bosi, wiki ile, Mwanza ilivyotaka kunichukua na nilivyoishinda. Nilimweleza kwa fahari, kama mtu aliyeleta zawadi. "Kwa hiyo siendi popote," nikamaliza. "Nimebaki."

Mama aliokota jani kavu kwenye pamba, akalitupa. Hakuonekana kushangaa wala kufurahi.

"Mimi watoto wa dada yangu wako nyumba ya pili," akasema. "Maji wanachota. Wewe ulitaka kubaki?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba wiki nzima, nimelipigia na meza. Nikafungua mdomo nilitoe.

"Yaya," nikasema.

Mama aliendelea kutenga pamba, safi huku, fifi kule. Mimi nikatafuta cha kusingizia na sikukipata. Hapakuwa na mashine pale, wala Kizungu, wala vidole. Lilikuwa neno la nyumbani, na sijawahi kulikosea tangu nijue kusema.