Wimbo wa Mohoro na Kiboko Wake

"Kiboko yuko wapi?" aliniuliza Bi Zaina, jirani wa mjomba wangu Mbwana, debe mkono mmoja na rungu mkono wa pili, na mimi msomi wa chuo cha Uganda, niliyezoea kubishana na kila mtu juu ya kila kitu, nikamgeukia mjomba anijibie, kwa sababu kiboko nilikuwa mimi. Acheni niiseme aibu hii mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mohoro.

Enzi hizo za Mwingereza kila santuri ilikuwa ya mapenzi, nami nikauliza, kwani jiografia ina kosa gani? Basi nikatunga nyimbo za mto Rufiji, kila mahali na wimbo wake, kuanzia Mkongo mpaka kwenye mikoko ya delta, na sauti zote nitoe peke yangu: gitaa langu, miguu iwe ngoma, mdomo uwe ndege (Ikwiriri niliipa ufuta, nikautikisa kwenye kopo). Fundi wa kurekodi akaja na mashine yake kutoka Dar es Salaam, tukaifunga nyumbani kwa mjomba hapo Mohoro, ukingoni mwa mashamba ya mpunga, na ilipofika zamu ya wimbo wa Mohoro akanionya, "Dada, utepe umebaki wa wimbo huu tu. Ukiuharibu, hakuna santuri."

Ningeimba tu yangeisha. Lakini nikajiuliza (maswali yangu ndiyo adui zangu), Mohoro bila kiboko ni Mohoro gani? Nikanyakua mtungi wa mjomba, nikamwaga maji, nikapuliza kwenye mdomo wa mtungi kwa pumzi zangu zote.

Sasa ilikuwa magharibi inaingia, mpunga umeiva, na watu wamepanda madunguni kuulinda. Sikumaliza hata ubeti. Madebe yakalia shamba zima, mbwa wakabweka, mayowe yakapaa, "Kiboko! Kiboko kwa Mbwana!" na mlango ukaja ndani pamoja na watu waliousukuma, fundi akaruka juu ya meza kukumbatia mashine yake, na mimi nimesimama katikati, mtungi bado mdomoni.

Hapo ndipo Bi Zaina aliponiuliza. Mjomba Mbwana akaninyooshea kidole.

"Huyo hapo. Tumemsomesha wenyewe."

"Alaa! Kumbe huko Uganda wanafundisha kulia kama kiboko?" Bi Zaina akaketi juu ya debe lake, machozi ya kicheko yanamtoka. "Haya mwanangu, lia tena, wengine hawajasikia."

Sikulia tena. Tangu siku ile sijaweka mdomo kwenye mtungi, hata maji nachota kwa kata.

Santuri ilitoka hivyohivyo, na madebe yake, kwa kuwa mashine ilinasa yote, na watu wakaipenda kuliko nilivyotaka. Kila ilipopigwa mimi nilitoka nje kwa haya. Miaka ilipita mingi ndipo nikakaa kitako nikaisikiliza. Kabla debe la kwanza halijalia, kiboko anasikika mara mbili.

Mimi nilipuliza mara moja.