Saa ya Jua na Msonobari wa Tamsin

Tamsin Rosewarne ana mdomo, nakuambieni mapema. Mimi jirani yake nimeonja makali yake tangu tukiwa wasichana. Lakini ile saa ya jua, inayoonyesha wakati kwa kivuli, juu ya mlango wa kanisa letu hapa Cornwall, hakuna aliyeitunza kama yeye. Kila mwaka hupanda ngazi asubuhi, akasugua ukungu na kuzipaka namba rangi upya, huku akiwatukana njiwa.

Mwanawe wa pekee, Denzil, alikufa kwa homa kabla hajaanza shule. Tamsin akapanda msonobari kaburini kwake, mbele ya mlango ule ule. Ukashika, ukarefuka, na polepole ukaanza kuizibia saa jua la mchana. Tuliona sote. Nani angemwambia? Sisi watu wa huku tukiona haya tunazungumzia mvua.

Sasa, sikukuu ya kanisa letu ni mwezi wa Machi. Kwaya husimama nje, na hakuna kuimba wala kugusa mikate ya zafarani mpaka kivuli cha mshale wa chuma uliochomoza katikati ya saa ile kiguse namba ya saa sita. Mzee wa kanisa, Jory Trembath, ndiye hutangaza. Tamsin wakati huo huwa ndani anaandaa chai. Mwaka huu akatoka, maana jua lilikuwa zuri ajabu.

Jory akakohoa, akatazama viatu vyake. "Saa sita hiyo! Imbeni!"

Tukaimba. Tamsin hakuimba. Ukuta mzima ulikuwa umefunikwa na kivuli cha msonobari.

"We Jory, saa sita umeiona wapi?"

"Aah, Tamsin, si imepita sasa hivi."

"Imepita wapi, mwongo mkubwa we! Mmeanza lini kunidanganya?"

Mimi ndiye niliyemjibu. "Miaka sasa," nikasema. "Tuliogopa utaukata mti wa mtoto."

Akaenda kwake, akarudi na msumeno. Jory akaukumbatia mti. "Usikate, dada yangu. Saa si tunazo mikononi!"

Tamsin akaweka kiganja kwenye gome. "Niliupanda nipate pa kumwona akikua. Haya, amekua, na anawazibia watu jua. Shika msumeno upande huo."

Jory akashika. Tulilia sote, na Tamsin akawa anatufokea tusije tukauangusha juu ya kaburi.