Pini ya Mama Mkwe

Mpwa wangu Beno wa Katindiuka hula sahani moja na mkewe Margareta. Nimekula nao mara nyingi, kwa hiyo sihitaji shahidi. Hata hivyo kila mpunga ukianza kutunga mbegu, Margareta hukonda, na mwaka huu mama yake alishuka kutoka Mahenge kuja kumchukua.

"Mzani wa zahanati unasema kilo sita zimekwenda," alisema. "Mtu hunenepa kwa anachokula na kukonda kwa anachonyimwa. Hakuna lingine."

Mimi shule niliiacha darasa la sita, nilipoona walimu wamebakiwa na machache ya kunifundisha. Nikamwambia, "Mama, kaa wiki tatu umsaidie binti yako kuamia ndege. Chakula chako nitapakua mwenyewe."

Alikubali ili apate ushahidi. Tangu alfajiri hadi jua linazama alizunguka majaruba akipiga debe na kurusha matope, na kwelea wakifukuzwa kona hii wanatua kona ile. Usiku alikula kuliko alivyozoea kwake, maana mkono wangu wa kupakua si mdogo.

Wiki ya tatu nilimsikia akimwomba binti yake pini ya kubania sketi.

"Kwani mjomba anakunyima nini, mama?" Margareta akamuuliza.

Mama akaipokea pini. Alibana sketi, akachukua debe, akarudi kwa ndege. Baada ya mavuno alipanda basi la Mahenge peke yake, na ile pini hajairudisha hadi leo.