Kalamu ya Mpera

Mpera ulioangushwa na mvua nyuma ya jiko letu ulikuwa umelea watoto wetu wote, maana hakuna aliyekubali kushuka kutoka juu yake hata akiitwa kula obusuma, ugali wetu. Mimi nachonga kalamu za mbao, nawauzia watalii wanaokuja msituni Buyangu. Nikakata kipande, nikakikausha. Mama watoto akauliza, "Hiyo nayo ni ya mzungu gani?"

"Ni yako. Ya kutia sahihi kanisani."

Hapo nisimame kidogo nieleze. Tumekaa pamoja mpaka tuna wajukuu, ng'ombe wa mahari walishakwenda kwao Khwisero zamani, lakini ndoa ya kanisa hatukuwa nayo. Wengi huku tuko hivyo. Juzi padri akasema wazee tujitokeze tubarikiwe. Sasa mama watoto hakusoma. Mimi nilisoma kidogo nikatoroka kutega kwale, na kwale wa siku hizo walikuwa wanono... haya, tuwaache. Yeye, popote palipotakiwa sahihi, alichovya kidole gumba kwenye wino. Mara hii akakataa. "Siolewi kwa kidole mimi." Basi nikamfundisha kuandika jina lake, kwa kijiti, juu ya majivu.

Kalamu ikatoka nyembamba, nzuri. Nikaanza vanishi. Unapanguza vumbi, unapaka kidogo kwa kitambaa, unangoja ikauke, unapitisha msasa laini, unapaka tena. Nilipaka mpaka nikaona meno yangu ndani yake, yale yaliyobaki.

"Wewe mzee, unapaka kalamu ama unapaka bibi harusi?"

Akaijaribu. Alipofika katikati ya jina, kalamu ikamponyoka. Akarudia, ikaponyoka tena.

"Inateleza kama kamongo! Nitaaibika mbele ya dada zangu. Afadhali kidole."

"Utaizoea," nikasema, kwa sababu nilipenda ule mng'ao. Tena nikaongeza mpako wa mwisho, mzito, nikaitundika ukutani.

Siku moja kabla ya harusi, mama watoto alisiriba sakafu kwa udongo na samadi, wageni wasikute vumbi. Sakafu anaipimanga kwa kidole gumba: akibonyeza kisiingie, imekauka. Akapima sakafu, akainuka, akapita penye kalamu, akapima na kalamu. Nikasikia, "Uwi!"

Kidole kilikuwa kimezama. Mistari yote ya ngozi yake ilibaki pale kwenye vanishi.

"Umepima kalamu kama sakafu?"

"Si wewe ulisema isiguswe mpaka ikauke? Ningejuaje kama imekauka?"

Nilitaka kuikwangua nianze upya, lakini mvua ilikuwa imeshaanza na vanishi haingekauka. Nilinuna mpaka chai ikapoa.

Kanisani, katekista anayemjua mama watoto akamsogezea kisahani cha wino. Akakisukuma kwa kiwiko. Akashika kalamu ya mpera, na kidole gumba kikaingia palepale kilipozama. Kalamu ikatulia. Akaandika polepole, ulimi nje, dada zake wamenyoosha shingo, mpaka herufi ya mwisho. Vigelegele vilivyopigwa, hata padri alicheka.

"Sasa wewe, baba watoto," mama watoto akasema, akinipa kalamu.

Kidole changu ni kinene, hakikuenea pale. Kalamu ikaniteleza mbele ya watu wote, na kwenye cheti chetu sahihi iliyopinda ni yangu.